Mbabula na Baridi ya Mwezi wa Saba



Majira ya baridi yamerudi. Katika Lubumbashi, mji uliojengwa kwenye uwanda wenye kimo cha mita 1,200 hivi juu ya bahari, usiku wa mwezi wa sita na wa saba joto huweza kushuka chini ya digrii 10, na asubuhi watoto huenda shuleni mikono ikiwa kwapani. Bukavu na Goma ziko juu zaidi, karibu mita 1,500. Huko baridi haingoji mwezi wake. Mvua ikinyesha jioni kandokando ya ziwa Kivu, kila mtu hutafuta blanketi. Nyumba zetu nyingi hazikujengwa kwa ajili ya baridi. Bati la juu huachilia joto lote mara jua linapotua, na sakafu ya saruji hubaki kama jiwe la mtoni. Basi giza likiingia, familia nyingi hazina kitu cha kuotea moto ila mbabula.

Juma hili twataka kusema juu ya mbabula hiyo: jinsi inavyofanya kazi, namna ya kuitunza, ugonjwa wake na dawa yake, na hasa saa ambayo haina budi kutolewa nje ya nyumba. Pengine mmoja atasema: mbabula ni kitu cha kila siku, hata mtoto wa miaka kumi anaweza kuiwasha, kwa nini kuijazia ukurasa mzima? Tunamjibu kwamba mtoto wa miaka kumi anajua kuiwasha, ndiyo, lakini watu wazima wengi hawajui kinachotoka ndani yake wakati makaa yamekwisha kuwa mekundu na hayatoi moshi tena. Kwa sababu hiyo kuna nyumba ambazo mlango wake haufunguliwi asubuhi.

Tuanze na chombo chenyewe. Mbabula ina sehemu tatu. Juu ni bakuli la makaa. Katikati ni bati lenye matundu. Chini ni chumba cha majivu chenye mlango mdogo. Hewa baridi huingia kwa mlango huo, hupita matunduni, hukutana na makaa, hupata moto na kupanda, na inapopanda huvuta hewa nyingine nyuma yake. Kwa hiyo mlango wa chini ndio hatamu ya moto: ukiufungua, moto unakimbia; ukiufunga nusu, unatembea. Mama anayejua kuutumia hachoki kupepea kwa kifuniko cha sufuria, wala gunia lake halimwishii kabla ya wakati.

Makaa, au makala kama wengi wetu tunavyosema, ni miti iliyochomwa chini ya udongo kwa hewa kidogo sana, hata maji na moshi vikatoka na kubaki kaboni karibu tupu. Ndiyo sababu makaa mazuri hayatoi moshi. Ukitaka kuyajua, yagonge: makaa yaliyoiva hulia kama kigae, yaliyo mabichi hulia kama mti. Ukivunja kipande ukaona ndani rangi ya kahawia, hicho hakikuiva, nacho kitajaza macho ya watoto machozi. Yale ya miti migumu ya pori la miombo huwaka polepole na kudumu. Yale ya miti laini hushika upesi na kwisha upesi. Anayenunua kwa kutazama ukubwa wa gunia peke yake hununua hewa nyingi.

Sasa tuje kwenye magonjwa ya mbabula.

Moto ukikataa kushika, usilaumu kiberiti. Toa makaa yote, tazama matundu ya bati. Karibu kila mara yamezibwa na majivu yaliyogandamana, au na vumbi la makaa lililomwagwa pamoja na vipande. Chukua msumari, fungua tundu moja moja, kung'uta majivu ya chini, ndipo uwashe. Vumbi la makaa usilitie bakulini hata kidogo. Wenye subira hulichanganya na udongo wa mfinyanzi na maji, wakafinyanga madonge na kuyaanika, nayo huwaka vizuri juu ya makaa mengine. Ikiwa matundu ni wazi na moto bado unasinzia, makaa yamelowa. Gunia likiwekwa juu ya ardhi hunywa maji ya ardhi hata wakati wa kiangazi. Liwekwe juu ya mbao mbili au matofali.

Moto ukitema cheche na kupiga kelele, ni maji pia, au vijiwe na maganda ya mti katikati ya makaa. Msiwaache watoto wainamie mbabula ya namna hiyo. Tumeona shavu la mtoto lenye kovu la cheche moja tu.

Kuna desturi ya kuwasha moto kwa mfuko wa plastiki. Unashika upesi, hatukatai. Lakini moshi wake mweusi ni sumu, unakaa katika chakula na katika vifua vya wadogo. Vijiti vikavu, ganda la mahindi lililokauka au karatasi vinatosha. Mafuta ya taa yamwagwe kabla ya kiberiti, tena machache sana, wala yasimwagwe kamwe juu ya makaa yanayoonekana kama yamezimika. Huenda chini ya majivu mna moto, na mvuke wa mafuta utashika mkononi mwa mwenye kumwaga.

Mbabula inayokula makaa kupita kiasi ina ufa mahali fulani. Tangu miaka ya 1980 mafundi wa Kenya wamekuwa wakitengeneza jiko la bati lenye bakuli la udongo uliochomwa ndani yake, na mfano huo ulienea katika nchi nyingi za Afrika. Udongo hushika joto lisipotelee ubavuni, hivyo mbabula ya namna hii huhitaji makaa machache kuliko ile ya bati tupu. Huko Goma mradi wa EcoMakala, ulioanza mwaka 2007, umewasaidia wakulima kupanda miti ya makaa ili pori la Virunga lipumzike kidogo. Kupanda miti na kutumia mbabula nzuri ni mikono miwili ya kazi moja. Ila bakuli la udongo lina adui mmoja, nalo ni maji. Tunawaona watu wakimaliza kupika humwaga kikombe cha maji juu ya moto. Udongo hupasuka, bati hushika kutu, na majivu yaliyolowa hugeuka tope la kuziba matundu. Yafaa makaa yatolewe kwa koleo, yatiwe katika debe la chuma lenye kifuniko kinachokaza, lililowekwa nje, nayo yatazimika yenyewe kwa kukosa hewa. Kesho mtayatumia tena.

Ufa mdogo katika udongo si wa kutupia mbabula. Chukua udongo wa mfinyanzi uliopondwa vizuri, tia mchanga laini kiasi ili usipasuke ukikauka, lowesha kingo za ufa, jaza kwa kidole, sawazisha. Kisha uvumilie siku kadhaa mbabula ikikaa kivulini, si juani. Moto wa kwanza uwe mdogo sana. Anayewasha moto mkubwa siku ile ile atarudi kwa mfinyanzi na kulipa mara mbili.

Hayo yote ni kazi ya mikono, na mtu yeyote anaweza kuijifunza. Jambo lililo gumu zaidi ni lile lisiloonekana.

Tumesema makaa ni kaboni. Kaboni ikiungua kwa hewa ya kutosha hugeuka kuwa kaboni dioksidi, hewa ile ile tunayoitoa puani. Ikiungua kwa hewa haba hugeuka kuwa kaboni monoksidi, na hii ndiyo sumu. Wengi hufikiri kwamba mbabula inayowaka vizuri haitoi sumu. Sivyo. Hata wakati mlango wa chini u wazi kabisa, makaa ya chini huungua vema, lakini hewa yake ikipanda katikati ya makaa mekundu ya juu hunyang'anywa sehemu ya oksijeni yake, ikatokea juu imekwisha kugeuka kuwa monoksidi. Mmepata kuona ule mwali mdogo wa buluu unaocheza juu ya makaa wakati wa usiku? Ndiyo hewa hiyo, inaungua mbele ya macho yenu. Mwali ukipotea, msidhani sumu imekwisha. Imeacha kuungua tu, na sasa inaingia chumbani ilivyo. Mbabula iliyofunikwa majivu, ile tunayosema imelala, bado inaitoa.

Hewa hii haina rangi, haina harufu, haichomi koo wala macho. Moshi wa kuni ni mkorofi, lakini ni mkorofi mwaminifu: humfukuza mtu ndani ya nyumba kabla hajadhurika sana. Makaa mekundu humkaribisha alale.

Katikati ya karne ya 19, Claude Bernard, mwalimu mkuu wa tiba nchini Ufaransa, alionyesha jinsi inavyoua. Katika damu yetu mna kitu chekundu, himoglobini, ambacho kazi yake ni kuchukua oksijeni mapafuni na kuipeleka mwilini mwote. Kaboni monoksidi hushikamana na kitu hicho kwa nguvu inayoipita ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Ni kama abiria waliokaa katika kila kiti cha lori na kukataa kushuka: lori linaendelea kuzunguka, lakini aliyekusudiwa hapati nafasi. Mtu anavuta pumzi, kifua kinapanda na kushuka, na bado ubongo na moyo wake vinakosa hewa. Kwanza kichwa kinauma, kisha kizunguzungu, kichefuchefu, magoti kulegea. Ndipo usingizi mzito. Aliyekwisha kulala hapiti katika dalili hizo kwa kuzijua. Hatua ya kwanza na ya mwisho huzipita akiwa amefumba macho.

Tunaulizwa maswali mengi juu ya jambo hili, na mengine yana imani ndani yake ambayo lazima tuiondoe. Je, mshumaa ukiendelea kuwaka, chumba ni salama? Hapana. Mshumaa huzimika oksijeni ikipungua sana, lakini kaboni monoksidi huua kwa kiasi kidogo mno, wakati oksijeni bado inatosha kulisha mshumaa. Unaweza kuwaka hadi alfajiri ukiwaangazia wafu. Je, bakuli la maji karibu na mbabula halinywi sumu? Halinywi, hewa hii karibu haiyeyuki katika maji. Je, kulala kitandani badala ya mkekani? Uzito wake ni karibu sawa na wa hewa ya kawaida, hivyo huenea chumba chote, juu na chini. Je, kuacha dirisha wazi kidogo? Hapa twaomba msikilize vizuri. Dirisha wazi hupunguza hatari wakati watu wako macho, wanaingia na kutoka. Halitoshi kwa watu waliolala. Upepo hugeuka, na mwenye kusikia baridi usiku wa manane huamka nusu, akalifunga, akarudi kulala bila hata kukumbuka.

Tena kuna maneno ya wahenga kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni maneno mazuri, ila katika chumba chenye moto wa makaa yamekwisha kuwazika watu. Baba mwema, akiona wanawe wanatetemeka, huchukua matambara akaziba chini ya mlango, akaziba matundu ya hewa juu ya dirisha, akaingiza mbabula katikati. Kila alichofanya alikifanya kwa upendo.

Wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza walishuka shimoni na ndege wadogo katika vizimba, kwa maana mwili wa ndege huguswa na sumu hii kabla ya mwili wa mtu. Ndege akianguka, watu walipanda juu upesi. Desturi hiyo ilidumu hadi mwaka 1986, mashine zilipochukua mahali pake. Sisi hatuna ndege chumbani, na kuku waliolala jikoni hawatatuamsha.

Wala tusidhani kwamba ni msiba wa maskini tu. Émile Zola, mwandishi aliyejulikana ulimwenguni kote, alikufa Paris tarehe 29 mwezi wa 9 mwaka 1902. Moto wa makaa ya mawe ulikuwa umewashwa katika shimo la moto la chumba chake cha kulala, na bomba la kutolea hewa halikuvuta. Mkewe aliyekuwa naye chumbani alipona. Zola alikuwa na maadui wengi, na mpaka leo watu wanabishana kama bomba liliziba lenyewe au lilizibwa kwa makusudi.

Tumetaja ubishi huo kwa sababu unatuhusu sana. Familia nzima ikikutwa imelala bila kuamka, hakuna damu, hakuna jeraha, hakuna mlango uliovunjwa, majirani husema nini? Husema sumu. Wengine husema uchawi. Hukumbuka kwamba juzi shemeji aligombana nao juu ya lupango, kwamba mwanamke fulani aliwaletea samaki, kwamba kikongwe wa nyumba ya tatu aliwatazama vibaya. Mbabula iko pale pale katikati ya chumba, imejaa majivu baridi, wala hakuna anayeitazama, kwa kuwa ni kitu cha nyumbani, na mtu hashuku kitu cha nyumbani. Hapo msiba wa kwanza huzaa wa pili, na huo wa pili hufanywa kwa mikono ya watu. Tunawasihi wakubwa wa mitaa na wazee wa familia: mkiitwa kwenye nyumba ya namna hiyo, fungueni madirisha kwanza, kisha tafuteni moto ulikuwa wapi, kabla ya kuuliza nani alileta samaki.

Sasa tuseme juu ya mama aliyejifungua. Tunajua ni kwa ajili yake na mtoto wake mchanga kwamba mbabula nyingi huingizwa vyumbani. Bibi wa mtoto anasema: kichanga asipate baridi. Naye ana haki, kwa maana mtoto mchanga hupoteza joto upesi kuliko sisi, na baridi inaweza kumwua. Lakini mapafu yake madogo huvuta pumzi mara nyingi kuliko yetu, na sumu humpata mapema. Hata yule aliye bado tumboni hudhurika, pengine zaidi ya mama yake. Kuna njia bora ambayo haigharimu hata kipande kimoja cha makaa. Mwaka 1978 katika mji wa Bogotá, nchini Colombia, daktari Edgar Rey alikuwa na watoto waliozaliwa kabla ya wakati, na mashine za kuwatia joto hazikutosha. Akawaagiza mama wawabebe vifuani, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana. Njia hiyo inatumika leo katika hospitali za nchi nyingi. Basi mtoto avuliwe nguo, abaki na nepi na kofia, awekwe wima kati ya maziwa ya mama yake, afungwe kwa kitenge, na blanketi liwafunike wote wawili, uso wake ukiwa wazi. Mama akitaka kupumzika, baba naye ana kifua. Twajua wababa wengine wataona haya. Wajaribu usiku mmoja tu.

Na wengine wa nyumba wafanyeje? Mbabula iwashwe nje au barazani, chakula kipikwe mapema, watu waote moto pamoja hapo wakizungumza. Juu ya moto huo yatengwe maji. Kando yake yawekwe matofali mawili au matatu ya kuchoma, yaliyo makavu kabisa. Mawe ya mtoni yasitumiwe, yanaweza kupasuka yakipata moto. Saa ya kulala, tofali lizungushiwe kitambaa kizito mara mbili, lipimwe kwa mkono, litiwe chini ya blanketi upande wa miguu. Kwa watoto wadogo, litiwe kitandani mapema na kuondolewa kabla hawajalala. Mpira wa maji moto ni mzuri vilevile, lakini maji yasiwe ya kuchemka, na kizibo kikazwe. Baridi nyingi hutoka chini. Majani makavu katika gunia, mkeka wa pili, au maboksi ya karatasi yaliyotandazwa chini ya godoro, yatafanya kazi kuliko blanketi la tatu juu. Kichwa kivishwe kofia. Dari, hata ya mikeka, chini ya bati, inafaa kuliko tunavyodhani. Na kama chumbani hamna moto, basi zibeni nyufa kadiri mpendavyo. Wahenga wamerudishiwa haki yao.

Wenye umeme hutumia jiko la waya mwekundu. Halitoi sumu hii. Liwekwe mbali na pazia na godoro, na waya wake usiunganishwe na vifaa vingine vitano katika tundu moja la ukuta. Umeme ukikatika mkiwa mmelala, huwa kuna mmoja anayesema: leteni basi mbabula. Huyo akatazwe.

Barua za ndugu zetu walio Ubelgiji hutufanya tuseme neno juu yao pia, kwa maana wengi wao walikua kando ya mbabula, na sasa wanaishi na mtambo wa gesi unaopasha maji na kuyazungusha katika vyuma vya joto vya kila chumba. Chuma kikiwa baridi upande wa juu na moto upande wa chini, hewa imenaswa ndani. Zima mtambo, ngoja upoe, fungua kizibo chake kidogo kwa ufunguo hadi maji yatoke, kisha funga. Baada ya hapo tazama kipimo: nyumba nyingi huhitaji baa 1 hadi 1.5 mtambo ukiwa baridi. Lakini mwali wa gesi ulio wa manjano badala ya buluu, masizi ukutani, au kichwa kinachouma nyumbani na kupoa mtaani, si kazi ya ufunguo; zima, fungua madirisha, toka, ita fundi. Hasa tunawahofia wale wenye mtambo wa maji moto ndani ya chumba cha kuogea, ambao huziba tundu la hewa kwa kitambaa ili baridi isiingie. Huko kuna kengele ndogo ya betri inayolia ikinusa kaboni monoksidi. Iwekwe, na betri yake isihamishiwe redio.

Hatimaye, mkimkuta mtu chumbani, fanyeni hivi. Fungueni mlango na madirisha kwanza, bila kukawia ndani. Mwokozi aliyeinama kumpigia kelele mgonjwa ameanguka juu yake mara nyingi. Mvuteni nje kwenye hewa safi. Kama anapumua lakini hajitambui, mlazeni ubavu. Kama hapumui, anayejua kumpulizia pumzi mdomoni na kumkandamiza kifua aanze mara moja. Msimpe maziwa wala mawese. Tunajua ndiyo dawa ya sumu kwa watu wengi, lakini sumu hii haikupita tumboni, ilipita mapafuni, na asiyejitambua hupaliwa na maziwa hayo akafa kwa maziwa.

Kisha apelekwe hospitalini hata kama ameamka na kusema amepona. Katika hewa ya kawaida, damu huhitaji saa nne hadi sita kutoa nusu tu ya sumu iliyomo. Kwa oksijeni safi ya hospitali, nusu hiyo hutoka kwa muda wa saa moja hadi moja na nusu hivi. Wote waliolala chumbani waende, si yule aliyezimia peke yake, na mama mwenye mimba awe wa kwanza. Kichwa kuuma na kutapika hufanana mno na malaria, na muuguzi mwenye wagonjwa wengi ataandika malaria kama hakuambiwa neno jingine. Hata kile kifaa kidogo kinachobana kidole na kupima oksijeni hudanganyika, kwa kuwa hakiwezi kutofautisha himoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba sumu. Huonyesha namba nzuri juu ya mtu anayekufa. Basi anayemsindikiza mgonjwa aseme mlangoni, kabla ya kuulizwa jina: usiku huu walilala na mbabula. Na juma chache zikipita, mgonjwa akaanza kusahau mambo, kutetemeka au kubadilika tabia, arudishwe kwa daktari yule yule, na maneno hayo yasemwe tena.